Mkono Wangu na Benchi la Vidonda

Kwii, kwii, tang. Kwii, kwii, tang. Hilo lilikuwa toroli la dawa likija kwenye veranda ya hospitali ya misheni. Gurudumu moja lilikuwa bovu, na bakuli la chuma liligonga ukingo kila lilipopita kwenye ufa wa sakafu. Sisi wa benchi la vidonda tulinyamaza wote, hata watoto. Mzee mmoja mwenye mguu mbaya alizoea kusema, "Haya, bwana harusi amefika," tukacheka kidogo, kisha kila mtu akainama kuangalia bandeji yake.

Hospitali hiyo sitaitaja, kwa sababu watu wake walikuwa wazuri, na waliponikosea walinikosea kwa upendo. Mimi si daktari. Niliishia darasa la saba. Nakuandikia wewe uliyeumizwa na watu, halafu ugonjwa ukafuata nyuma ya jeraha kama mbwa anayefuata nyama. Mimi ulinifuata karibu mwaka mzima. Nilipona, na mkono ninao, ndio huu unaoandika, ingawa herufi zangu sasa zinalala upande.

Kabla ya hayo kulikuwa na Kitale. Mwishoni mwa miaka ya themanini Senge Rosa, dada ya baba yangu, alikuwa na duka la kushona nguo karibu na soko, na mimi nilikuwa msichana wake wa cherehani. Nikiikumbuka Kitale ya wakati ule naisikia baridi ya asubuhi kwenye vidole, ukungu hadi saa nne, mahindi ya kuchoma, na harufu ya kitambaa kipya kikipigwa pasi ya makaa. Senge aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya pili, hata kama hakuna wa kuimba ya kwanza. Mimi niliota ndoto nikiwa macho. Nilikuwa nimechora kwenye karatasi ya kukatia nguo kibao cha duka langu la baadaye, pale Bungoma mjini, jina langu Nasimiyu kwa herufi kubwa na picha ya bibi harusi.

"Huyu bibi harusi mbona hana shingo?" Senge aliuliza.

"Shingo iko ndani ya shela, Senge."

"Basi bwana yake atatafuta sana."

Siku moja ya mvua nyepesi, saa ya chakula cha mchana, wanaume wawili waliingia dukani. Walitaka cherehani. Mmoja alikuwa na panga, nami niliinua mkono wa kulia. Hayo ndiyo yote nitakayosema juu ya siku hiyo, na ukiendelea kusoma utajua kwa nini. Senge alikuwa amejifungia nyuma kwenye stoo ya vitambaa, hakuguswa. Wale watu hawajashikwa hadi leo.

Nilishonwa jeraha hospitalini Kitale. Baada ya wiki mbili Baba alikuja kunichukua, amevaa koti lake la mazishini kwa sababu hakuwa na lingine, tukarudi nyumbani karibu na Myanga. Senge alitusindikiza. Mama alimpokea mlangoni.

"Nilikupatia mtoto na mikono miwili, Rosa. Unanirudishia mmoja na nusu."

Senge aliweka mfuko wangu chini, akageuka njia ile ile. Hatukumwona tena kwa miezi.

Kwetu mtu akipatwa na jambo, watu huja kusema pole. Ni desturi nzuri na sitaisema vibaya. Walikuja na sukari, unga, ndizi, wengine na kuku. Walikuja kutoka Misikhu, wengine hata kutoka Lugulu, watu ambao Baba mwenyewe alihitaji kuambiwa ni wa ukoo gani. Na kila kundi likishakaa, chai ikishamiminwa, mmoja alisema, "Sasa tuambie, ilikuwa aje? Anza mahali ulianzia."

Nami nilianza mahali nilianzia. Mtu akiingia nikiwa katikati, Mama alisema, "Huyu hajasikia ya mwanzo," nikarudi mwanzo. Siku moja nilirudi mwanzo mara tatu. Nilipomwambia Mama nimechoka, alinitazama kana kwamba nimekataa kusalimia.

"Mtu akitoka Misikhu mpaka hapa, utamrudisha na masikio tupu?"

Tena nilikuwa hodari. Mimi ni mtu wa maneno tangu utotoni. Nilijua mahali pa kunyamaza, mahali pa kuinua mkono mzima kuonyesha panga lilivyoinuka. Mama mmoja alilia mpaka akaomba maji. Wageni waliondoka wepesi, wakisema, "Mungu ni mkubwa," na mimi nikienda nyuma ya choo kutapika. Usingizi ulikataa. Chakula kilikuwa kama pamba. Nywele zilitoka kwenye kitana kwa mafungu, siku zangu za mwezi zikapotea, sketi ikashikwa na pini mbili. Vidole vya mkono ule vilijikunja kama jani la mhindi wakati wa jua kali. Watu walisema ni damu imepungua. Mama akanichemshia majani, nikanywa, nikatapika na majani.

Mvua za kupanda zilipoanza, jeraha lilifunguka tena na kutoa usaha. Hapo ndipo nilipoanza kwenda hospitali ya misheni, siku moja kwenda, siku moja kupumzika, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu.

Benchi lile lilikuwa refu, la mbao, limeng'arishwa na makalio ya miaka mingi. Ulikaa mwisho, ukasogea, ukasogea, mpaka ufike mlangoni. Kusogea huko kulichukua asubuhi nzima, na watu wakikaa asubuhi nzima wanaongea.

"Wewe msichana, ni nini ilikukata?"

"Panga."

"Ya shamba?"

"Ya watu."

Benchi lote liligeuka. "Ati watu. Wangapi?"

"Wawili."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini na wao?"

"Pore sana mwanangu," alisema mama mwingine, akinipapasa goti, "lakini wezi hawakatangi mtu bure, bana. Si useme tu ukweli, hapa sisi wote ni wagonjwa."

Nilisema ukweli. Kesho kutwa yake walikuwa watu wengine, maswali yale yale. Hata mfungaji vidonda, Ndugu Barasa, mtu mpole aliyesukuma lile toroli, alikuwa akilowesha bandeji kwa maji ya chumvi na kuniuliza, "Hebu nikumbushe, walikuja na gari au kwa miguu?" Alidhani ananisahaulisha maumivu. Maskini, alikuwa akinishika mahali pabichi kuliko pale alipokuwa akisafisha.

Basi nikafanya upumbavu wangu. Chini ya hospitali kuna kijito na mikaratusi. Siku moja nilifika langoni, nikaona benchi limejaa, miguu ikanigeukia yenyewe. Nilikaa kando ya kijito mpaka jua likapanda. Nikafungua bandeji kwa meno, nikaigeuza upande wa ndani ukawa nje, nikaifunga tena, nikarudi nyumbani.

"Wamesemaje?" Mama aliuliza.

"Wanasema inakauka."

Nilifurahia siku ile. Nitakuambia ukweli, kando ya kijito nilikuwa mtu tena. Nilitazama ndege, nikabuni mitindo ya nguo kichwani, magauni yenye mikono mipana kama ilivyopendwa siku hizo. Nikarudia kesho kutwa, na kesho kutwa yake. Mkono ulipoanza kunuka nilipaka mafuta ya manukato juu ya bandeji, na nyumbani nikakaa upande ambao upepo unatoka kwangu kwenda nje. Mahindi yalikuwa yamefika magotini wakati huo.

Siku niliyoanguka nilikuwa nampelekea Baba uji shambani. Nakumbuka mtungi ukimwagika na Baba akitupa jembe. Alinikalisha nyuma ya baiskeli yake, akanifunga mgongoni kwake kwa shuka, msichana wa miaka kumi na tisa, kama mama afungavyo mtoto mchanga, akaendesha akipanda na kushuka milima bila neno. Shavu langu lilikuwa kwenye mgongo wake. Homa ilikuwa kali, lakini kama ningepewa nafasi ya kurudi siku moja tu ya mwaka ule, ningerudi hapo, nisikie moyo wake ukigonga kupitia shati.

Daktari aliufungua mkono, akasema, "Mfupa umeingiwa na usaha. Tutaukwangua. Mfupa ukikataa kupona, tutakata hapa." Akachora kwa kalamu mstari mdogo wa wino juu ya kiwiko changu.

Nesi alikuwa ameshika kadi yangu. "Huyu hajaonekana karibu mwezi," akasema.

Mama alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. "Si kweli. Anakuja kila siku mbili, mimi mwenyewe namwamsha." Nesi akamwonyesha kadi. Mama hakujua kusoma sana, lakini nafasi tupu kila mtu anaisoma.

"Nasimiyu," akasema taratibu, "ulikuwa unaenda wapi?"

Nilifunga macho. Ningejibu nini? Kwamba niliogopa kuulizwa? Mtu anaweza kupoteza mkono kwa sababu ya kuogopa salamu?

Walinikwangua mfupa. Sindano asubuhi, sindano jioni, makalio yakawa magumu kama ubao wa kufulia. Daktari alisema tungoje wiki mbili tuone kama mfupa unakubali. Nilikuwa nauangalia ule mstari wa wino kila nilipoamka. Nesi aliponiosha nilimwomba asiufute. Sijui kwa nini. Nadhani niliona ukifutika watasahau mahali pa kukomea, wakate juu zaidi.

Ndani ya wiki hizo alikuja Madam Chemutai. Alikuwa mwalimu kutoka mteremko wa Mlima Elgon, aliyekuwa amerudi masomoni, na sasa alizunguka hospitali na ofisi za machifu akiwa na fomu ndani ya kiondo. Alikuwa akitafiti jinsi watu walioumizwa na wahalifu wanavyoishi baadaye. Raba zake nyeupe zilikuwa nyekundu kwa udongo.

"Habari ya asubuhi, Nasimiyu. Nikae wapi, huku ama huko kwa dirisha?"

Tangu siku ya panga hakuna aliyekuwa ameniuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa hiari yangu.

"Kwa dirisha," nikasema. Kisha nikavuta pumzi, nikaanza, "Ilikuwa siku ya mvua nyepesi, saa ya chakula cha mchana..."

Aliinua kalamu. "Hiyo sijakuuliza. Hiyo ni yako, kaa nayo. Mimi natafuta ya baada. Kadi inaonyesha ulikuja, ukaja, halafu ukaacha. Ni nini ilikuzuia?"

Mama alikuwa akikunja blanketi kitandani kwangu. Nilimwangalia, nikaangalia dirisha.

"Ni benchi."

"Benchi lina nini?"

"Linauliza."

Madam aliandika polepole, kama mtu anayeandika jina la mtu. "Na nyumbani?"

Blanketi lilikuwa limesimama mikononi mwa Mama.

"Na nyumbani pia tunauliza," Mama akasema. "Andika hiyo."

Madam alipoondoka, Mama alikaa karibu na miguu yangu muda mrefu. "Lakini si ulikuwa unaongea vizuri? Watu walikuwa wanakusifu."

"Nilikuwa naongea vizuri, Mama. Nilikuwa natapika vizuri pia."

Alitaka kucheka, akalia. Kisha akatoa leso yake na kunifuta mimi, ilhali machozi yalikuwa yake.

Baadaye Madam aliniambia si mimi peke yangu niliyemtajia benchi. Alizungumza na matroni, na matroni alikuwa mtu wa vitendo. Viti vitano vilipelekwa upande wa chumba cha kufulia, na mtu aliyeumizwa na watu aliruhusiwa kungojea huko, akaitwa kwa jina. Halafu wakapanga mafunzo ya Jumamosi tatu katika ukumbi wa kanisa, kwa manesi, wafungaji vidonda, akina mama wa kanisa na askari wa chifu. Mfupa wangu ulikuwa umekubali kidogo kidogo. Nilipewa ruhusa ya kuhudhuria, mkono shingoni. Madam aliniomba nikae mbele, niwe mgonjwa, na wao waje mmoja mmoja kunitembelea.

Askari alikuwa wa kwanza. Alisimama juu yangu. "Jina? Umetoka wapi? Ulikuwa na nani?"

"Afande," Madam akasema, "umemsalimia?"

Ukumbi ulicheka. Akatoka, akaingia upya, akavua kofia. "Mulembe."

"Mulembe," nikajibu.

Akabaki hapo. "Sasa niseme nini?"

"Si lazima useme," Madam akamwambia.

Basi akaketi, kofia kwenye magoti, mwanamume mkubwa vile, akitazama sakafu pamoja nami. Nilitamani akae hapo mpaka jioni. Ndugu Barasa, aliyekuwa mstari wa pili, aliinua mkono akauliza kama ina maana mambo ya gari na miguu aliniumiza nayo. Nilisema ndiyo. Alisema, "Nisamehe, dada," mbele ya watu wote, na tangu siku hiyo alipokuwa akisafisha kidonda chochote alikuwa akieleza habari za ng'ombe wake mkorofi.

Zamu ya Mama ilipofika, alianza vizuri. "Umekula?"

"Bado kidogo."

"Na ni nani alikupikia, na mbona hukumaliza, na ni lini..."

"Mama Nasimiyu," Madam akasema, "moja inatosha." Mama mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini alichojifunza alikipeleka nyumbani. Niliporuhusiwa kurudi, wageni walikuja upya, na Mama akasimama mlangoni. "Amekula, amelala, mkono uko. Habari ni hiyo. Chai iko tayari." Wengi walielewa. Jirani yetu wa zamani aliyehamia Misikhu, Mama Simiyu, hakuelewa.

"Ati nimetoka huko kote nisisikie kitu?"

"Utasikia chai ikichemka."

Mama Simiyu aliinuka, akamchukua kuku aliyekuwa amemleta, akamweka kwapani, akaenda zake. Baba alimtazama kuku akipotea njiani na kusema, "Hayo mafunzo yenu yatatumalizia kuku." Usiku ule nilikula ugali nikaumaliza, wa kwanza tangu Kitale.

Ndugu yangu unayesoma, usingoje mtu akuulize ni nini kinachokuzuia. Mtafute mmoja umwambie. Na kama ni wewe unayekwenda kusema pole, mwulize kama amekula, na kama anataka ukae au uende. Mengine yakitaka kutoka, yatatoka yenyewe.

Nilikwanguliwa mara ya pili wakati mahindi yanachanua. Tulipovuna, kidonda kilikuwa kimefunga. Vidole viwili havikukunjika tena, vimesimama kama watu wanaongojea gari. Nywele ziliota laini, za kitoto. Mstari wa wino sijui ulifutika siku gani.

Karibu na Krismasi Senge Rosa alikuja. Alisimama nje ya ua akiwa na mfuko wa vipande vya vitambaa, hakupiga hodi. Nilimwona kupitia dirishani, nikatoka.

"Nilijifungia, Nasimiyu," akasema.

"Najua, Senge."

"Sijui nikae ama niende."

"Kaa."

Mama alikuwa ameona. Alileta chai, akampa Senge kikombe cha kwanza, kabla ya Baba. Hakuna aliyesema neno juu ya mikono. Senge alikunywa, akaweka kikombe chini, akaanza kuimba taratibu kwa ile sauti yake ya pili, na Mama, ambaye hajui kuimba, akajaribu ya kwanza.

Mwaka uliofuata nilirudi Kitale. Nilijifunza kukata kwa mkono wa kushoto; magauni yangu ya kwanza yalikuwa na bega moja juu ya lingine. Miaka ya tisini ilipoanza, watu wa kuambiwa pole waliongezeka pande zetu kwa ajili ya mapigano ya ardhi, na Madam Chemutai akawa akinichukua siku za Jumamosi, Kitale, Bungoma, popote palipokuwa na ukumbi na watu tayari kufundishwa. Mimi ndiye niliyekaa mbele. Mara nyingine nilijaza fomu zake pia, kwa mwandiko wangu wa kulala.

Jumamosi moja tulikuwa twende Misikhu kwa mjane aliyevunjiwa mlango na kupigwa. Madam alishikwa na malaria. Nikaenda peke yangu.

Sebule ilikuwa imejaa. Nilisikia mtu akisema, "Huyu hajasikia ya mwanzo." Nikazunguka nyuma. Mjane mwenyewe alikuwa hapo, amewatoroka, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, amejiegemeza kwenye ghala, jicho moja limefura.

"Umekula, mama?"

Akatikisa kichwa.

"Nikae ama niende?"

Alivuta mguu wake kidogo, ikapatikana nafasi. Nikakaa chini. Tulitazama shamba lake la maharagwe. Baada ya muda kichwa chake kilianguka upande, akalala.

Niliinuka polepole, nikaingia jikoni. Nilipuliza moto, nikachota unga, nikasonga ugali kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukishikilia sufuria kwa vidole vitatu. Nikakaanga mboga zilizokuwa zimekatwa tangu asubuhi. Nikapakua sahani moja, nikaiweka kando yake kivulini, nikaifunika kwa nyingine, nikatafuta jiwe na kuliweka juu kuku wasifunue. Kisha nikapita njia ya shambani, ili nisimwamshe.